Muuza Cherehani Aliyeogopa Milango

Mwaka ule wa hamsini na nne, masika yalipokolea, Lutengano alikuwa amefika mahali pabaya kwa mtu wa kazi yake: alikuwa akiogopa milango ya watu.

Kazi yake ilikuwa kuuza cherehani. Kampuni ilikuwa na ghala mjini Mbeya, na wauzaji wake walizunguka nyanda zote za juu, kila mmoja na cherehani moja ya mkono ya kuwaonyesha watu, imefungiwa ndani ya sanduku jeusi la mbao lenye mfuniko wa mviringo. Mwaka uliotangulia, msimu wa kahawa, hakuna aliyemfikia Lutengano. Kule kwao Tukuyu aliingia uani akiimba, akawatania wazee, akawasifia akina mama watoto wao, na kabla chakula hakijaiva mwenye nyumba alikuwa ameshauliza cherehani italetwa lini. Wenzake walisema mdomo wake umepakwa asali.

Asali hiyo ilikauka kidogo kidogo. Alihamishiwa kwa Wasafwa wa milimani, watu asiojua utani wao. Nyumba ya kwanza ikamkatalia, na ya pili, na ya tatu. Kisha siku moja pale Mwanjelwa mwanamke mmoja akamwiga anavyozungumza, akipunga-punga mkono vilevile, mpaka waliokuwapo wote wakashika mbavu. Lutengano naye alicheka, lakini kicheko chao kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akawa anasikia "hapana" kabla hajabisha hodi. Akikaribia nyumba, tumbo linamkaza. "Hawa hawana uwezo," anajiambia, anaipita. Ya pili anaona ina mbwa mkali. Ya tatu, mama yuko shambani, asimsumbue. Jioni anarudi ghalani na kusema watu hakuwakuta.

Aliyemgundua ni mkewe, Ikupa. Jioni moja alikuwa akimmiminia maji ya kunawa, akatazama chini.

"Baba Tusekile," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "matope ya Uyole siku hizi yanafika magotini. Viatu vyako mbona visafi?"

Lutengano aliendelea kunawa.

"Mchana kutwa unakaa wapi?"

"Barabarani."

"Unafanya nini?"

"Natembea tu, mama. Napita."

Ikupa hakumsimanga. Aliweka kata chini, akafuta mikono. "Ng'ombe dume akikukimbiza njiani, na kesho usipite, na kesho kutwa usipite, njia ile inakuwa ya ng'ombe," akasema, akaingia jikoni.

Jumatatu iliyofuata msimamizi wa wauzaji, Bwana Liberatus, aliwakusanya ghalani. Alikuwa mtu mrefu, mwalimu wa zamani, asiyepandisha sauti. Na kwa kuwa hakuipandisha, maneno yake yalimfika mtu hadi mfupani.

"Lutengano," alisema mbele ya wote, "cherehani zako zimekaa mpaka zinataka kushika kutu. Nenda Iringa, upande wa Kalenga. Hakuna mtu wetu aliyewahi kuuza kule. Pasaka inakuja, watu wanataka nguo mpya. Ukirudi hujauza hata moja, sanduku utaliacha hapo mlangoni, na wewe utatafuta kazi nyingine."

Mwenzake Saulo alikohoa kuficha kicheko. Lutengano alikisikia hata hivyo.

Lori la kwenda Iringa lilinasa kwenye tope zaidi ya mara moja, abiria wakashuka kusukuma, na Lutengano alifika amelowa mpaka kwenye mifupa. Alifikia kwa Yohane, mtu wa kwao Tukuyu aliyekuwa mwashi pale mjini. Yohane alimpokea vizuri, akampa chai, lakini aliposikia anakokwenda aliweka kikombe chini.

"Huko kuna maneno," alisema. "Watu wanasema mumiani wamerudi, wale wanaokamata watu na kuwanyonya damu ikauzwe kufanya dawa. Kuna mwanamume ametoka kwake kwenda mnadani, hajaonekana mpaka leo. Watu wanalala na mashoka kitandani."

"Mimi ni muuza cherehani."

"Wewe ni mgeni mwenye sanduku jeusi. Nisikilize, ndugu yangu. Ukifika, usigeuke kushoto wala kulia. Nenda kwa Jumbe kwanza, jitambulishe. Akikupa ruhusa, ndipo uingie kwa watu."

Lutengano aliitikia. Asubuhi alifunga sanduku nyuma ya baiskeli ya Yohane, akashika njia. Mvua ilikuwa imepumzika, mahindi yamesimama pande zote mbili za njia. Alipita Kalenga bila kusimama hata mara moja, akiwa na sababu yake, kwamba pale watu ni wengi na kelele. Akaendelea mpaka kijiji cha mbele, penye nyumba za tembe zilizotawanyika mabondeni.

Nyumba ya Jumbe alionyeshwa kwa mbali. Alisukuma baiskeli hadi karibu na ua, akasikia sauti za watu ndani, akasimama. Je, Jumbe akisema hapana? Basi safari yote imekwisha hapo hapo. Afadhali aanze na nyumba ndogo, apate mtu mmoja wa kumsemea. Akageuza baiskeli.

Akaenda nyumba ya pembeni. Akachungulia juu ya ua, akaona mwanamke anapeta, akasimama muda mrefu akitafuta neno la kuanzia, kisha akaondoka. Ya pili akaizunguka kwa nyuma, akasikia watoto, akarudi. Ya tatu alifika hadi mlangoni, akainua mkono kubisha, akaushusha. Mchana mzima alikwenda hivyo, na kila hatua alikuwa akijiambia kwamba inayofuata ndiyo.

Hakujua kuwa anatazamwa. Watu wa kijiji kile walimwona mgeni asiyesalimia, mwenye sanduku asilolifungua, anayechungulia nyua na kusikiliza watoto. Habari ilipita shamba kwa shamba. Alipofika karibu na kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, wanaume walitoka mmoja mmoja, wakiwa na fimbo na mundu, wakasimama njiani. Alipogeuka nyuma, nyuma nako walikuwa wamesimama.

"Kamwene," alisema Lutengano, salamu pekee ya Kihehe aliyoijua.

Hakuna aliyeitikia.

Mzee mmoja mwenye koti la kijeshi lililochakaa alisogea mbele. Aliitwa Kalinga, na ndiye watu waliyemtazama kabla ya kusema lolote.

"Tangu asubuhi unazunguka nyumba zetu," alisema. "Unatafuta nini?"

"Nauza cherehani, mzee."

"Umemwuzia nani?"

Hakukuwa na hata mtu mmoja kijiji kizima ambaye Lutengano angeweza kumtaja.

"Umemwonyesha nani? Umemsalimia nani? Mfanyabiashara gani anayeficha biashara yake?" Kalinga aliinua fimbo, akaigonga kwenye sanduku. "Jumbe yuko Kalenga barazani. Twendeni uani kwake. Tutamngoja, na huyu atakaa chini."

Walimsukuma hadi uani kwa Jumbe, na njiani watu wakazidi. Wanawake walikuja na majembe mabegani, wamebeba watoto. Katikati yao alitoka mmoja, mwembamba, macho mekundu, akamjia Lutengano moja kwa moja na kumshika shati kifuani.

"Mume wangu umempeleka wapi?"

Huyu alikuwa Apolonia. Mume wake, Danieli, ndiye yule aliyekwenda mnadani asirudi, na Kalinga alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa huyo mume.

"Mama, mimi simjui mume wako."

"Danieli wangu yuko wapi? Sema!"

Mtu mmoja alikata kamba. Sanduku likaanguka upande, mfuniko ukafunguka, na vitu vikamwagika topeni: nyuzi, pakiti za sindano, na kikopo cha mafuta ya kulainishia mashine, chenye mdomo mrefu mwembamba kama mdomo wa ndege wa mtoni. Mtu akakiokota, akakibonyeza. Tone la mafuta likachuruzika kwenye ncha.

Kelele zilizopanda hapo Lutengano hakuwahi kuzisikia maishani mwake. "Ndicho hicho! Ndicho wanachonyonyea!" Fimbo ilimpata begani, nyingine ikampata juu ya jicho, akapiga magoti. Damu ilimwingia jichoni. Na katika hofu ile ulimi wake ukafanya jambo la ajabu: ukaanza wenyewe hotuba ya biashara aliyoikariri miaka mingi.

"Akina mama wapenzi, cherehani hii ni rafiki wa nyumba, inashona haraka, inashona imara, mtoto wako atapendeza, mume wako atafurahi..."

"Atafurahi?" Apolonia alipiga ukelele. "Anasema mume wangu atafurahi!"

Umati ukasonga. Lutengano aliona mundu umeinuliwa, akaona ya kwamba maneno yake yote, yale ya asali, hayana faida tena, na kila moja analoongeza ni kuni kwenye moto. Akanyamaza. Ilikuwa kama mtu anayetua mzigo. Akamtazama mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza tangu afike kijijini akamwona mtu mbele yake, badala ya mlango.

"Mama," alisema taratibu. "Siku ile alipoondoka, alivaa nini?"

Apolonia alishtuka kwa swali lile. Mkono wake ulikuwa bado umeshika shati. "Shati la kaki," alisema, kama aliyesahau anazungumza na nani. "Lina kiraka kwenye kiwiko. Nilikishona mwenyewe kwa uzi mweusi, maana wa kaki sikuwa nao. Akanicheka. Akasema nimemtia jicho la tatu."

"Alikwenda kununua?"

"Kuuza mbuzi. Alisema atarudi kabla ya jua kuzama."

"Alikwenda na nani?"

"Peke yake. Mnadani walimwona. Barabarani wengine walimwona. Baada ya hapo, hakuna."

Watu walikuwa wamepunguza sauti ili wasikie. Lutengano akasema, "Mimi natembea kwa malori. Madereva na mautingo wa barabara hii nawafahamu. Nikitoka hapa mzima, nitawauliza juu ya mtu mwenye kiraka cheusi. Siahidi kwamba nitampata. Nakuahidi nitauliza."

"Maneno!" Kalinga alimsogeza shemeji yake kando. Aliinyanyua cherehani kutoka topeni, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Akamshika Lutengano mkono, akamvuta, akaweka kidole chake cha shahada chini ya sindano. "Kama kitu hiki hakinywi damu, tuone. Izungushe kwa mkono wako huo mwingine!"

Sindano ilikuwa imepinda kwa kuanguka, lakini ncha yake ilikuwa ncha ile ile. Lutengano aliihisi inagusa ukucha. Kalinga alikuwa na nguvu za mtu wa shamba, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Lutengano hakujitoa. Alijua akijitoa, amekwisha.

"Mzee," alisema, jasho likimtiririka, "itatoboa, na damu itatoka. Sindano yoyote humtoa mtu damu. Hata ya mama huyu aliyeshonea kiraka. Ukitaka kujua kazi yake, nipe nguo."

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa.

"Mwachie, shemeji," alisema Apolonia.

"Wewe nyamaza."

"Mume ni wangu. Nataka kuona." Alifungua kaniki ya juu aliyojifunga begani, iliyochanika kutoka pindo hadi katikati, akaitupa juu ya kinu. "Shona."

Kalinga alilegeza mkono polepole. Lutengano aliondoa sindano iliyopinda, akaweka mpya. Ilimbidi aweke uzi, na hapo vidole vikamgomea. Vilitetemeka mpaka uzi ukapita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Watu wakaanza kunong'ona. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na damu. Akajaribu tena, uzi ukaangukia topeni.

"Lete hapa," alisema Apolonia kwa hasira. Akaulamba uzi, akaupitisha kwenye tundu mara moja.

Mwanamke mmoja nyuma akaguna, maana mwenzao ameigusa mashine wala hakuanguka.

"Sasa zungusha wewe," alisema Lutengano. "Mimi nitashika kitambaa."

Apolonia alishika mkono wa kuzungushia, akasukuma. Mashine ilinguruma, matope yakiruka, mshono ukaanza kutoka upande wa pili, mwembamba, mnyoofu, ukila mpasuko kidogo kidogo hadi mwisho. Aliivuta kaniki, akaigeuza, akaivuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Haikuachia. Akasimama akiitazama, na machozi yakimshuka bila sauti.

Jumbe aliwakuta hivyo. Alishuka kwenye baiskeli yake, akasikiliza pande zote, akaitazama leseni ya Lutengano iliyolowa, kisha akamtazama mwenye leseni.

"Ungepita kwangu asubuhi," alisema, "yote haya yasingekuwa."

"Nilifika hadi uani kwako, Jumbe."

"Ukashindwa na nini?"

Lutengano aliinama kuokota nyuzi zake topeni. Jumbe akaamuru aondoke kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyenunua kitu, hakuna aliyemuaga.

Mjini, Yohane alimwosha jeraha na kumwambia apande lori la kwanza kurudi Mbeya. "Kampuni itakuelewa. Mtu anauza cherehani, hauzi roho yake."

Lutengano alitaka kukubali. Lakini alikuwa ameahidi kitu. Usiku ule ule alijikokota hadi malori yanapolala, akaanza kuuliza. Dereva wa kwanza alimfukuza. Wa pili alimwuliza amepigwa na nani, akacheka. Akaenda kwa wa tatu, na katikati ya safari ile fupi akagundua jambo lililomshangaza: tumbo lilikuwa limetulia. Walimkatalia, naye akapita kwa mwingine, basi. Alikuwa akimwulizia mwanamke aliyemshonea mume wake kiraka. Kukataliwa kwake yeye hakukuwa na uzito wowote.

Utingo mmoja, aliyelala juu ya magunia, aliinua kichwa. "Kiraka cheusi kwenye kiwiko? Nilimwona. Alipanda lori la manamba, vibarua wa mkataba wanaopelekwa mashamba ya mkonge, Kilosa. Alikuwa amelewa chakari. Wenzangu wa lori lile waliniambia pombe ilipomtoka njiani akaomba kushuka, analia ana watoto. Wakamwambia ameshaweka dole gumba kwenye mkataba, hakuna kushuka."

Asubuhi Lutengano alirudi kijijini. Mwili ulimuuma kila baiskeli ilipogonga jiwe. Alikwenda moja kwa moja hadi uani kwa Jumbe na kubisha hodi kwa nguvu, kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Jumbe alimpeleka mwenyewe kwa Apolonia, na Kalinga akaitwa. Lutengano aliwaeleza alichosikia, bila kuongeza wala kupunguza.

"Yuko hai," alisema Apolonia.

"Utingo anasema hivyo, mama. Mimi sikumwona."

"Yuko hai, na kanywa mbuzi wangu." Akasimama, akachukua jembe, akaenda shambani, na kutoka pale uani walimsikia akilima kama anayempiga mtu.

Kalinga hakuomba radhi. Alivuta kigoda, akakisukuma kwa mguu kuelekea kwa Lutengano, kisha akamimina ulanzi, akanywa kwanza yeye, akampa. Baadaye alisema, macho yakiwa kwenye mahindi, "Nitatuma mtu Kilosa."

Jumbe akamruhusu Lutengano afanye biashara. Juma lile aliingia kila nyumba ya kijiji. Sanduku aliliacha limefunguliwa ili kila mtu alione. Aliacha hotuba. Alisalimu, akauliza watoto wanavaa nini Pasaka, nani anawashonea, ni mbali kiasi gani. Kisha akanyamaza akasikiliza, na mwenye kutaka kuigusa mashine akamwachia aishike mwenyewe. Wengi walikataa. Wengine walimkatalia wakimtazama jeraha kwa aibu, wengine bila aibu yoyote. Severina, mke wa katekista, alimkatalia mara mbili, akamwita mwenyewe mara ya tatu, na ndiye aliyenunua ya kwanza, akatoa fedha aletewe kutoka ghalani.

Jioni yake Apolonia alimjia barabarani.

"Nataka moja," alisema. "Sitamngoja mtu wa mkonge anilishie watoto. Nina mtamba, nitamuuza."

Lakini Kalinga alikuwa nyuma yake. "Mtamba ni wa zizi la ndugu yangu," alisema. "Mwenyewe hayupo. Hauzwi."

"Nani amemkamua mama yake? Nani amemchunga?"

"Hauzwi, shemeji."

Wote wawili wakamgeukia Lutengano, kama mwamuzi. Ilikuwa siku moja kabla ya kurudi Mbeya. Sauti ya Bwana Liberatus ilimjia, na kikohozi cha Saulo. Alijua maneno ambayo yangemchochea Apolonia asimame imara mbele ya shemeji yake. Alikuwa nayo tele, na asali ilikuwa imerudi mdomoni. Alijua pia kwamba yeye kesho ataondoka, na Apolonia atabaki ndani ya ukoo huo miaka yote.

"Mama, leo usinunue," alisema. "Kaeni na wazee. Mkikubaliana, mimi nipo hadi kesho adhuhuri. Msipokubaliana, nitapita tena msimu ujao."

Apolonia alimtazama kana kwamba amemsaliti. Akageuka akaenda zake, na Lutengano alilala usiku ule akijua huenda ametupa kitu kilichokuwa mkononi mwake, alichokihitaji kuliko vyote.

Kesho yake alingoja njiapanda na baiskeli. Jua lilifika utosini, likaanza kuinama. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku alipomwona Kalinga anakuja, koti lake la kijeshi limefungwa vifungo vyote, akimwongoza mtamba kwa kamba. Apolonia alifuata nyuma, amebeba mtoto.

"Wazee wamesema," alisema Kalinga kwa ukali, kama anayegombana bado. "Mtamba ni wa watoto wa Danieli. Basi awalishe. Twende mnadani pamoja. Lakini baada ya hapo utakaa umfundishe mpaka ajue, la sivyo nitakufuata hadi Mbeya."

Alikaa siku mbili zaidi, akimfundisha Apolonia kwa cherehani ile ya kuonyesha, chini ya upenu wa nyumba yake, mvua ikinyesha. Hakuhitaji kufundishwa sana.

Ghalani Mbeya, Bwana Liberatus alimkagua kovu juu ya jicho kabla hajauliza habari za mauzo. Alipoelezwa, aliwaita wauzaji wote.

"Cherehani mbili, kule ambako hakuna aliyeuza. Ulifanyaje? Waeleze na wenzako."

Lutengano aliwatazama wauzaji waliojipanga, Saulo akiwa mbele.

"Niliingia ndani," alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa siingii."

Wengine walicheka. Saulo hakucheka, aliinamisha uso, akarekebisha mkanda wa sanduku lake ambao haukuwa na kasoro.

Wiki ile Lutengano alirudishwa kwa Wasafwa wa milimani. Nyumba ya kwanza asubuhi ile ilikuwa juu ya kilima, na mama mwenye nyumba alimwona akipanda kwa taabu, akamngoja mlangoni mikono kiunoni.

"Hatutaki," alisema, kabla Lutengano hajatua mzigo.

Tumbo lilimkaza. Bado lilikuwa likimkaza, na pengine lingemkaza hadi uzee. "Asante, mama," alisema. "Na hapo jirani, pale penye moshi, wanaitwa akina nani?"

Mama yule alimwambia jina, akimshangaa. Lutengano alilirudia kwa sauti ndogo ili asilikosee, akaweka sanduku begani, akaanza kushuka bondeni kuelekea kwenye moshi.